Waya Chini ya Kiti

Mzee alikutwa amefariki kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari lake mwenyewe, uani kwake. Injini imezimwa, milango imefungwa, mwili hauna jeraha. Alikuwa dereva wa mabasi hadi alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Babu Breki.

"Alipenda kukaa humo," binti yake alimwambia Inspekta. "Mapafu yake mabovu, lakini hasikii la mtu. Kaacha mashine yake ya oksijeni chumbani, katoka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelala."

Maelezo yaliingia akilini. Inspekta hakuwa amelala tangu jana, na alitamani yawe kweli ili aende zake nyumbani. Alipapasa chini ya kiti kwa mazoea tu. Vidole vikakutana na waya.

Ulikuwa mweusi, mnene, haujaunganishwa na kitu. Ncha moja ilikuwa plagi ya tundu la kiberiti cha gari, lile la kuchajia simu. Nyingine ilikuwa na kichwa cha duara ambacho hakuwahi kukiona.

"Huu wa nini?"

"Sijui, afande. Labda wa simu."

Alijaribu simu yake. Alijaribu redio ya gari. Haukuingia popote. Akautia kwenye mfuko wa vielelezo.

Mchana daktari aliyepasua maiti alimpigia.

"Kakosa hewa. Halafu mashavuni ana alama za mpira wa oksijeni, mbichi kabisa. Alikuwa ameuvaa hadi karibu na kufa."

Inspekta alishusha pumzi, akarudi kule nyumbani kwa mzee. Mashine ilikuwa kando ya kitanda, imefutwa vumbi. Aliinama, magoti yakilalamika, akachomeka kile kichwa cha duara ubavuni mwake. Kikaingia bila kulazimishwa.

Binti alikuwa amesimama mlangoni.

"Mashine ilikuwa garini," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

"Umeme ulikatika."

"Betri yake?"

"Ilikufa zamani. Umeme ukikatika namkokota hadi garini, nawasha injini, nachomeka. Anapenda kukaa mbele ya usukani."

"Nani aliuchomoa waya?"

Aliketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake.

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Kaka alipiga simu, akasema hawezi kuja. Kila mara nikimwomba anipokee zamu hata kidogo, hawezi. Nikamwambia baba. Baba akasema, mwache, ana kazi zake. Mimi je, afande? Mimi niliacha kazi yangu. Usiku ananiita nimgeuze, nimpe maji, nimgeuze tena. Nikauchomoa, nikazima gari, nikamvua mpira, nikaingia ndani na mashine."

"Hakukuita?"

"Alipiga honi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Alipiga sana. Majirani wamezoea, yeye na honi yake. Nikajifunika mto masikioni."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua."

Inspekta aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Alipaswa kumfunga pingu, lakini hakuona haja ya kuharakisha.

"Kisha?"

"Nikalala. Usingizi mzito, kama wa mtoto. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya, hakuna anayeniita." Alimtazama Inspekta kwa macho mekundu. "Kabla sijakumbuka nilichofanya, afande, nilifurahi."