Paranda Yapita Mlango wa Otilia

"Kesho usije, Clemente. Nakuomba."

"Nisije? Siku ya Krismasi? Otilia, kundi zima la paranda linaimba nyumba kwa nyumba, na kwako linapita."

"Basi lipite moja kwa moja."

Otilia alikuwa amejibanza jikoni, simu ameibana kwa bega, mikono imejaa unga wa mahindi wa pasteli. Sebuleni, binti yake Gizelle, aliyetua jana kutoka Toronto baada ya miaka mitano, alikuwa juu ya stuli akitundika mapazia mapya ya sikukuu.

"Mwaka wa pili huu unanificha kama chupa ya ramu mbele ya padri," Clemente alisema. "Wewe mjane, mimi mgane. Tunamwibia nani?"

"Gizelle hajui."

"Si umwambie!"

"Nitaanzaje? Siku tunamzika baba yake alinishika mkono, akasema, 'Mama, usije ukaleta mwanaume mwingine.' Niliitikia, Clemente. Niliitikia mbele ya jeneza."

Simu ikakatwa. Baada ya muda ukaingia ujumbe: "Nimewaambia wenzangu tuiruke nyumba yako. Nakupenda, lakini kujificha nimechoka. Krismasi njema."

Otilia akausoma, akaufuta, akarudi kukunja pasteli kwenye majani ya mgomba.

"Mama, unalia?"

"Vitunguu hivi, mwanangu."

Asubuhi, walipotoka misa, meza ilikuwa imeshiba: paja la nguruwe, keki nyeusi, pasteli, jagi la juisi ya rosela. Mlima wote wa Paramin ulikuwa unavuma kwa kwatro, yale magitaa madogo ya nyuzi nne, na manyanga. Waimbaji walisikika kwa jirani, Bi Verna, wakiimba mlangoni hadi wakafunguliwa, wakala, wakacheka.

"Wanakuja, Mama!" Gizelle alikuwa ameganda dirishani kama mtoto. "Miaka mitano nimekula baridi tu. Leo nitacheza mpaka kisigino kitoke!"

Nyayo zikakaribia geti. Zikapita.

Bi Verna akapaza sauti kutoka barazani kwake: "Otilia wee! Mmefiwa huko? Mbona paranda imewaruka?"

Gizelle akageuka. "Mama, nyumba hairukwi ila ina msiba. Tumewakosea nini?"

"Achana nao. Watakuwa wamechoka."

"Wamechoka walipofika kwetu tu?"

Alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, anateremka barabara mbio.

"Nyie! Mkubwa wenu nani?"

Wote wakamtazama Clemente, mtu mzima mwenye shati jekundu, kwatro kifuani.

"Mimi."

"Mama yangu kawakosea nini? Mtu kapika tangu juzi!"

"Hajatukosea, binti."

"Sasa?"

Clemente akainamia viatu vyake. "Muulize mwenyewe. Mimi sina ruhusa ya kusema."

Otilia alikuwa ameshawafikia, anahema, aproni bado kiunoni. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini alipomwona Clemente amesimama pale akibeba lawama isiyo yake, ulimkwama.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema. "Huyu ni mtu wangu, Gizelle. Mwaka wa pili sasa."

Manyanga yakanyamaza. Bi Verna akasogeza kiti ukingoni mwa baraza asipitwe na neno.

"Mtu wako? Ukanificha mimi? Kwa nini?"

"Si wewe ulinikataza? Siku ya mazishi. Ulisema nisilete mwanaume mwingine."

Gizelle akakunja uso. "Mimi? Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Mama, mimi hata padri aliyemzika baba simkumbuki. Nilikuwa nalia tu. Na wewe umekaa na neno hilo miaka yote hii?"

"Nilikuitikia, mwanangu."

"Na mimi kila nikipiga simu unasema uko peke yako, mimi silali! Nimekuja nimeshaamua kuacha kazi nirudi nikulee. Nilikuwa sijui nikuambieje, maana roho yangu iko kule."

"Unilee? Mimi, na meno yangu yote haya?"

Mpiga manyanga aliangua kicheko, na wote wakamfuata. Otilia alicheka huku machozi yanamtiririka, akamwegemea binti yake. Pumzi aliyoishusha, ungedhani alikuwa ameibana tangu makaburini.

Gizelle akamgeukia Clemente, akampima juu mpaka chini. "Unakunywa?"

"Krismasi tu."

"Mwongo!" wenzake wakadakia.

"Unampenda?"

"Binti, leo nimepita mlango wake. Sijawahi kubeba kwatro zito kama hili."

Gizelle akafuta macho kwa kiganja. "Basi rudini. Mwimbe mlangoni, kama desturi. Mama, ingia ndani ufunge."

Otilia akaingia, akafunga. Nje nyuzi zikaamka, na sauti ya Clemente ikapanda kwa Kihispania cha wazee. Desturi ni mwenyeji achelewe kidogo kufungua, waimbaji waombe mpaka wabembeleze. Otilia alifungua kabla ya ubeti wa kwanza kuisha.

"Mbona hukuniacha nimalize?" Clemente akauliza.

"Utamalizia ndani," akasema, akamshika mkono mbele ya kijiji kizima.

Bi Verna alikuwa ameshafika na sahani yake. "Haya, harusi lini?"

"Baada ya Pasaka," Clemente akajibu kwa adabu.

"Kabla ya Kwaresima," akasema Otilia.

Na ikawa kabla ya Kwaresima.