Bahasha ya Kum Stoycho

Naitwa Tsvetana. Kwa miaka ishirini na sita niliandika mishahara ya wafanyakazi wa kiwanda hapa mjini Sliven. Sasa nimestaafu, lakini ulimi wangu haujastaafu.

Siku hiyo ya Septemba tulikuwa uani tukichoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa ajili ya baridi. Jirani yangu Zornitsa alikuwa anamenya. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa akishona suruali za wateja Wajerumani kwenye karakana ya Stoycho, mtu aliyesimamia harusi yake. Kwetu msimamizi wa harusi anaitwa kum, na kum haulizwi neno.

"Shangazi, nikijifungua nitapumzika," alisema. "Bima italipa zaidi ya mwaka."

"Itakulipa kwa mshahara upi?"

"Si huu ninaopata? Nusu benki, nusu kwenye bahasha."

Pilipili ikaniponyoka. "Bahasha! Mkataba wako unasema saa ngapi kwa siku?"

"Saa nne. Nafanya nane. Kum anasema makato yatatumaliza sote."

"Yatatumaliza! Na lile gari lake jipya, kalinunua kwa machozi?"

Mumewe, Plamen, akang'aka. "Shangazi, taratibu! Yule ni kum wetu."

"Alisimamia harusi. Njaa ya mtoto ataisimamia nani?"

Nilikuwa na hasira, lakini nilieleza polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Mwajiri anapokulipa, anakata mchango wako wa bima, na yeye anaongeza wa kwake. Ukiugua, ukizaa, ukizeeka, unalipwa kwa kufuata kilichoandikwa. Bahasha haijaandikwa popote. Utahesabiwa saa nne. Utapata nusu."

Zornitsa akaacha kumenya. "Nusu? Tutakula nini, shangazi?"

Jumatatu nilimpeleka ofisi ya bima. Aliomba kuona rekodi yake. Kila mtu ana haki ya kuiona, na haichukui muda. Miaka mitatu, saa nne kila siku. Alilia, na yalikuwa machozi ya hasira. Kesho yake aliwaonyesha wenzake sita pale karakanani. Wakaenda nao kuulizia. Wote saa nne! Hata Donka, ambaye mgongo wake umepinda kwa cherehani.

Wakaandika malalamiko, wote saba, wakayapeleka kwa mkaguzi wa kazi.

Stoycho alikuja nyumbani kwa Zornitsa na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Mimi nilikuwepo, nisingekosa.

"Binti yangu, mbona unanichafulia jina? Sisi si ndugu?"

"Ni ndugu, kum," alisema Zornitsa. "Ndiyo maana ulijua nitanyamaza."

"Nitaifunga karakana!"

"Ifunge. Suruali za Wajerumani utashona mwenyewe?"

Stoycho akamgeukia Plamen. "Mkanye mkeo!"

Plamen alikuwa ameinama muda wote. Akainuka, akachukua ile chupa mezani, akamrudishia mkononi. "Nenda nayo, kum. Andika kwanza saa zao."

Mkaguzi alikuja, akahesabu saa, akawahoji washonaji mmoja mmoja. Stoycho alitozwa faini. Akaamriwa kurekebisha rekodi na kulipa michango yote ya nyuma. Karakana haikufungwa. Sasa mikataba inasema saa nane. Mshahara wote unapita benki, na kila mshonaji anapewa karatasi inayoonyesha mshahara, makato na kinachobaki. Ndiyo, pesa zinazobaki mkononi zimepungua kidogo. Lakini Donka aliumwa mgongo mwezi wa Desemba akalala nyumbani wiki mbili, na bima ikamlipa vizuri.

Zornitsa alijifungua msichana mwezi wa Januari. Posho yake ya uzazi ilikuja kamili, kwa saa nane. Alinionyesha ujumbe wa benki huku mtoto ananyonya.

Kwetu kum ndiye anayemsimamia mtoto akibatizwa, na mila ni mila. Kwa hiyo Stoycho alimsimamia, kwa suti mpya. Nilialikwa. Sikwenda. Miaka mitatu aliwaibia watu wanaomwita ndugu, na hasira yangu mimi haiishi kwa kipande cha keki.