Risasi Aliyoizuia Torpekai

Torpekai alikuwa akioka mikate kwenye tanuri. Mimi, jirani yake Zarghuna, nilikuwa nakanda unga. Mumewe, Mirajan, akaingia. Alikuwa ametoka gerezani jana yake. Mgongo ulikuwa umepinda kwa kuwasagia ngano Waingereza waliokuwa wakitutawala.

Torpekai hakumpa hata chai. Alivua bangili zake, akamtupia miguuni.

"Vaa wewe! Kaka yangu kauawa kwa risasi na askari wao, akiwa mikono mitupu. Na wewe shemeji yake unafundisha watoto herufi!"

Sisi Wapashtuni wa milimani, mwanamume akiambiwa na mkewe avae bangili kama mwanamke, huchukua bunduki. Ndiyo desturi yetu. Mirajan aliziokota zile bangili, akamrudishia.

"Nimeapa, mama watoto. Sipigi mtu, wala silipi kisasi. Waingereza tutawatoa, lakini si kwa bunduki."

Akaenda zake kwenye shule aliyoianzisha.

"Mwoga!" Torpekai alimfokea. "Zarghuna, umemwona?"

"Nimemwona. Na wewe nimekuona. Mjinga mkubwa!" Nilikasirika kweli. "Unajua Waingereza wanataka nini? Risasi moja tu kutoka kwetu. Kijiji cha juu kule mtu mmoja alifyatua. Wakachoma nyumba zote na ghala za ngano. Kisha wakatangaza kwamba wameadhibu majambazi. Lakini wakiwapiga watu waliokaa kimya, watasema nini?"

"Kwa hiyo kaka yangu ndiyo basi?"

"Yeye ameshakufa, Torpekai. Sisi tuliobaki je?"

Alinisonya.

Jumatatu askari walikuja. Wafuasi wa Mirajan, waliokula kiapo kile kile na kuvaa mashati mekundu kama alama yao, walikaa naye chini uwanjani bila hata fimbo. Ofisa Mwingereza aliwaamuru wavue mashati na kukana kiapo. Hakuna aliyeinuka. Wakapigwa kwa vitako vya bunduki.

"Nipige na wewe basi!" ofisa alimcheka Mirajan. "Wewe si Mpashtuni?"

"Ni Mpashtuni. Ila shati sivui, bwana. Kuna baridi."

Wakamvunja mkono.

Mimi na Torpekai tulikuwa juu ya paa. Alikuwa na bunduki ya kaka yake. Kumbe aliificha ndani ya pipa la ngano! Alimlenga ofisa, kidole tayari. Niliogopa hata kumgusa.

"Torpekai," nilimwambia polepole, "watoto wako wapi?"

"Shuleni."

"Ukifyatua, wataanza kuchoma wapi?"

Shule ilikuwa pale pale uwanjani. Torpekai aliuma midomo mpaka ikatoka damu. Akaishusha bunduki, akalia kwa hasira. Alitoa risasi mwenyewe, akazitupa kisimani.

Mirajan alifungwa tena. Homa ikamuua huko huko gerezani. Walituletea maiti yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na ule mkono haukuwa umeungwa. Inaniuma mpaka leo.

Nyumba zetu hazikuchomwa. Ngano yetu tuliila wenyewe. Shule haikufungwa, na siku hizi Torpekai anakaa humo na wanawake wenzake, anajifunza kusoma.

Juzi mmoja wao alimtania, "Wewe mwenzetu una moyo mweupe. Umewasamehe wote!"

Torpekai hakucheka.

"Nimemsamehe nani? Nawachukia. Nimewanyima risasi yao tu."