Magunia Mabichi

Ekseli ya mkokoteni ilikatika kwenye Barabara ya Kangundo, mahali pasipo hata kichaka, kiangazi cha tisini na sita. Komarock, walikokuwa wakienda, ilikuwa bado mbali na jua lilikuwa utosini. Kimanzi alidaka twiga wake wa mbao wasianguke. Aliwachonga kwa mti mbichi ili awauze, kazi ya miezi, na alikuwa amewavika magunia yenye maji, maana mti kama huo ukikaukia juani hupasuka. Katikati yao alikaa mamake, Ndindi. Mabati ya Mathare yalikuwa yamemchosha, na Kimanzi alikuwa akimpeleka kwa dadake mwenye nyumba ya mawe.

Makokha, mwenye mkokoteni, akaingia uvunguni kufunga ekseli kwa kamba. Lami iliwachoma hata ndani ya akala zao za tairi. Mara Ndindi akaanza kutetemeka na kumwita marehemu mumewe.

Malaria hiyo, aliwaza Kimanzi. Akafanya kama walivyofanya kwao tangu na tangu: akamfunika blanketi gubigubi ili homa itoke na jasho. Jasho halikutoka. Akaingiza mkono, akakuta ngozi kavu, ya moto, kama ubao uliosahauliwa nje. Fundi mzima wa kuuguza miti alikuwa akimwoka mamake!

"Hana jasho," akasema.

Makokha akatazama dumu la mwisho, lile la kulowesha magunia. "Hii maji ni ya miti ama ni ya mama?"

Kimanzi akalitupa blanketi. Akawavua twiga, akamviringisha mamake kwa magunia yao, akayamwagia maji kichwani na kwapani, akibakiza ya kunywa. Makokha akapepea kwa kipande cha boksi. Kimanzi akamkingia jua kwa mgongo wake, akasimama hivyo hadi miguu ikafa ganzi. Nyuma yake mti ukalia, ta! Kisha mwingine. Hakugeuka.

Jua lilipoanza kuinama, Ndindi akafumbua macho. "Kimanzi, si hizo ni kazi zako zinalia?"

"Wacha zilie, mwaitu. Kunywa."

Walifika Komarock jioni, mkokoteni ukichechemea.

Kiangazi kilichofuata, kabla jua halijawa kali, Kimanzi alipita mlango kwa mlango Mathare akigawa magunia ya kulowesha, akiuliza nani ana mzee ndani na nani atambishia hodi mchana. Huko Komarock, mlangoni pa mamake alisimama twiga aliyepasuka kuanzia shingo hadi kwato, akiuzuia mlango usijifunge ili upepo upite. Mnunuzi mmoja alimtaka hivyo hivyo na nyufa zake. Kimanzi alimjibu kwamba huyo tayari ana kazi.