Jiwe Lililotolewa Chini ya Redio

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, Likasi iliamka na baridi kavu, upepo ukipuliza vumbi jekundu. Ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo. Jana yake waumini walikuwa wamesafisha nyumba zao, wakitupa kila muziki wa dunia.

Saa kumi na mbili asubuhi, redio ya kanisa haikusikika. Programu ya kurusha matangazo ilikuwa imefutwa kwenye kompyuta.

Inspekta Orpha alipofika saa nne, mlinzi Kabongo alikuwa keshatiwa pingu, na mate ya waumini yalikuwa yanakauka shatini mwake. Shemasi Germain, msimamizi wa redio, ndiye aliyemshitaki: usiku huchezesha rumba studioni, sasa ameharibu kazi ya Mungu. Kesho angepelekwa gereza la Buluo.

Orpha aliomba kimoyomoyo, "Bwana, nisimwonee mtu," akamwita fundi Alexis.

"Neno la siri la kufutia programu, nani analo?"

"Tuko babili, mama. Ni minye mwenyewe na shemasi."

"Basi ni weye."

"Minye? Tangu Ijumaa nilikuwa ku kilio, Kolwezi. Uliza hata maiti!"

Orpha hakucheka. Alipiga simu Kolwezi, ilikuwa kweli.

Alexis akaikagua mashine. "Mama, hakuna muntu alifuta redio yenyewe. Alitoa kaprogramu kadogo ka kucheza muziki. Redio iliegemea pale, kama ukuta juu ya jiwe."

"Mashine haionyi?"

"Inaonya! Inataja vyote vitaanguka pamoja, kisha inauliza: unakubali?"

Saa nane, Orpha alisimama kanisani mbele ya waombaji.

"Shemasi, Kabongo alifuta ile programu ya muziki, na mashine haikumuuliza kitu."

"Uongo!" Germain akaruka. "Ile mashine inauliza sana! Minye nili..."

"Malizia, baba."

"Nilisafisha ile mashine juu ya mfungo," alisema akitazama sakafu. "Nilitaka ile rumba yake ikufe. Mashine iliandika majina mingi. Nikajibu oui, nakubali, sikusoma. Asubuhi redio ikanyamaza. Nikaona haya, shemasi muzima."

"Ukaona heri Kabongo alale Buluo."

Alexis alikirudisha kile kipande, redio ikaimba. Pingu zikafunguliwa. Germain akanyoosha mkono, Kabongo hakuushika. Aliwageukia waliomtemea mate.

"Ndugu, mukuwe bashahidi. Rumba nilipiga, ni kweli. Nitalinda huu mulango mpaka mfungo uishe, juu nilimuahidi Mungu. Kisha hamutaniona hapa tena, hata ku kilio yenu."