Abiria wa Jumanne

Jumanne ya kwanza, Ekua Benyiwa alidhani paa limevuja. Alikikuta kiti kipya cha mgahawa wake kimelowa, akakipangusa, kisha akatazama juu. Mabati yalikuwa makavu, na mvua haikuwa imenyesha mjini Ansakyir tangu upepo wa jangwani uanze kuvuma. Akaonja unyevu uliobaki kidoleni. Ulikuwa wa chumvi.

Kiti chenyewe hakikuwa kiti hasa. Kilikuwa sanduku la mbao lisilo na kifuniko, lenye mabenchi mawili yanayotazamana na pete ya chuma katika kila pembe. Enzi ambazo Ansakyir ilikuwa bandari isiyo na gati, meli zilitia nanga mbali, nje ya mawimbi makubwa, na mashua za kasia ndizo zilizopeleka magunia ya kakao na kurudi na shehena. Abiria hakupanda kwa ngazi. Aliketishwa ndani ya sanduku katika mashua, na winchi ya meli ikamnyanyua kwa minyororo hadi juu. Bandari ya kina kirefu ilipojengwa kwingine, meli ziliacha kuja, reli ya kakao ikang'olewa, na ghala la kakao likabaki tupu hadi Ekua alipoanza kupika na kuuza humo dokono, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa. Sanduku lilifukuliwa na bahari yenyewe ilipoula ufuko. Mumewe, seremala Kwamena Ewusi, alilivuta peke yake kutoka mchangani, akalipiga randa, akaliweka karibu na mlango.

Wateja walilipenda. Kojo Bentsil, mvuvi asiyejua kunyamaza, aliketi humo na sahani ya samaki, akatangaza kuwa anasafiri Ulaya na kwamba atakayemkosa amwandikie. Ekua alimwambia aende salama, ila sahani airudishe kwanza.

Jumanne iliyofuata alikuwa peke yake. Pwani ile hakuna aingiaye baharini siku hiyo. Jumanne ni ya bahari yenyewe, na wavuvi hushinda mjini wakishona nyavu. Adhuhuri ufuko ulikuwa mtupu. Ekua aliupa mlango mgongo, akigeuza samaki kwenye mafuta, ndipo aliposikia mnyororo ukilia, ingawa sanduku halikuwa na mnyororo, kisha mbao zikigumia kama mtu mzima ameketi. Ikaja harufu ya kakao iliyoozea majini.

Hakugeuka, samaki walikuwa wanaungua. Alifanya alichofundishwa tangu utotoni: alikaribisha, akachota maji, akanyoosha mkono nyuma na kuweka kikombe juu ya benchi. Mgeni hupewa maji kwanza, na akishakunywa ndipo huulizwa neno lililomleta. Alisikia koo likimeza.

"Hapa kwetu ni amani," alisema. "Wewe je, una neno gani?"

"Ninakwenda melini, mama," sauti ya kijana ikajibu, taratibu, yenye adabu. "Mnyororo uliachia. Aliyenitoa mchangani ndiye atakayenipeleka."

Alipogeuka, kikombe kilikuwa kitupu, na benchi lilichuruzika maji.

Jioni ile Kwamena alirudi na malengelenge viganjani. Siku nzima alikuwa akinoa misumeno, alisema, na hakuelewa yametoka wapi. Ekua alielewa, lakini aliogopa kusema. Alimsihi alivunje sanduku. Kwamena akachukua shoka, akaliinua, kisha akaliweka chini polepole kama mtu aliyekumbushwa kazi nyingine, akaingia ndani, akaketi, na mikono yake mitupu ikaanza kuvuta kasia. Ilibidi majirani wamtoe kwa nguvu.

Kojo Bentsil hakufanya mzaha tena. Alimweleza Ekua aliyosimuliwa na babu yake: kwamba wakala mmoja wa meli, asiyetaka kusubiri, aliwalazimisha wapiga kasia waingie majini Jumanne, na sanduku lilipokuwa likipanda, mnyororo mmoja ukaachia, na kijana aliyekuwa akienda kusoma ng'ambo akazama nalo. Hakuonekana tena.

Jumanne iliyofuata Ekua alimkuta mumewe maji yakimfika kifuani, akitembea kuelekea mahali ambapo zamani meli zilitia nanga, akivuta kasia zisizoonekana na kuimba wimbo wa wapiga kasia ambao hakuwahi kufundishwa, na alipomshika shingoni kumrudisha alikuwa mzito kama shehena, na nyuma yake, katikati ya mawimbi yasiyo na mtu, sauti nyingi za kiume zilikuwa zikimwitikia.

Alipofanikiwa kumtoa majini, ndipo alipomwita mganga, Komfo Aba Sekyiwa, ambaye watu walimwita Nana kwa heshima. Mwanamke huyo alifika Jumanne iliyofuata, amejipaka udongo mweupe, akalizunguka sanduku ambamo Kwamena alikuwa tayari ameketi, akivuta. Akamsogeza Ekua pembeni.

"Ulimpa maji?" alinong'ona.

"Nilimpa, Nana."

"Ukamuuliza neno lake?"

Ekua aliinamisha kichwa.

"Basi huyo si mvamizi, ni mgeni wako. Mvamizi ningempiga. Mgeni siwezi."

"Atamchukua mume wangu."

"Mgeni huondoka akiomba njia. Nitamfanya aombe. Wewe mwenye nyumba umpe njia yote. Yote, umenisikia? Usimjibu lile jibu la kila siku."

Jibu la kila siku alilijua kila mtu Ansakyir. Anayeaga huambiwa kwamba amepewa nusu ya njia, ili ajue nusu iliyobaki ni ya kurudia. Ekua alikuwa amewaambia hivyo wateja wake miaka nenda rudi, mikono ikiwa kwenye unga, bila hata kujisikia akisema.

Komfo Aba alimimina pombe kizingitini, akaanza kunena kwa sauti ya chini, akimsifu mgeni, akimpa pole ya safari, akimkumbusha kwamba wenzake wanamsubiri, na kadiri alivyonena harufu ya kakao ilizidi hadi Ekua akashindwa kuvuta pumzi, na nje, kwenye ufuko mtupu wa adhuhuri, kukasikika mashua ikiburutwa mchangani na wanaume wakiitikiana, na damu ikaanza kudondoka viganjani mwa Kwamena, na mnyororo usiokuwepo ukakaza.

"Mama," ile sauti ikasema, imechoka, yenye adabu ileile. "Maji yako nimekunywa. Naomba njia."

Ilikuwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, anayeaga mlangoni. Kinywa cha Ekua kikajibu kwa mazoea.

"Nusu ya njia tunakupa," akasema.

Komfo Aba alifumba macho.

Sanduku liliguna, likanyamaza. Mikono ya Kwamena ikaanguka mapajani. Akamtazama mkewe kama anayeamka, akauliza kwa nini analia. Ekua alimkumbatia kichwa, akasikiliza. Kasia ziliingia majini, zikapasua wimbi la kwanza, zikapita la mwisho kuvunjika, zikaendelea kufifia kuelekea kule nje, naye akaziomba moyoni ziendelee, ziendelee tu, zisimame kule meli ziliposimama. Kisha, katika nusu ya njia, zikanyamaza zote kwa pamoja.

Kwamena aliinua kichwa, akageukia bahari.

"Mbona wamesimama?" akauliza.