Kushoto Pungufu Inchi Moja

Adhana ya magharibi ilimkuta Sitara anafunika cherehani yake barazani kwa Ranjanben, muuza vitenge wa Kariakoo. Alikuwa na haraka. Binti yake Maimuna, wa miaka tisa, alikuwa siku ya tatu kitandani chini ya uangalizi wa jirani, homa haishuki, na hospitali hawaoni kitu.

Ndipo akatokea mteja. Mwanamke mtu mzima, buibui jeusi, uso umefunikwa nusu. Sitara akamwamkia shikamoo, kama inavyopaswa. Hakuitikiwa.

Kilichomfikia ni harufu. Karafuu maiti.

Yule mama akaweka kitambaa cha bafta nyeupe mezani, akataja vipimo vya gauni kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekaukiwa na koo. Kifua inchi ishirini na tano. Urefu arobaini na mbili. Mkono wa kulia kumi na saba...

"Wa kushoto kumi na sita," akanong'ona. "Na mwisho wa uzi usifunge fundo."

Sitara akaganda. Katika Kariakoo nzima alimjua mtoto mmoja tu ambaye mkono wake wa kushoto ni pungufu kwa inchi moja, maana aliuvunja ngazini na mfupa ukaunga vibaya. Mtoto huyo ni Maimuna. Na marehemu bibi yake, aliyekuwa akiosha maiti za kike, alimfundisha zamani kwamba nguo isiyofungwa fundo hushonewa mtu asiyerudi.

Mwingine angepiga yowe. Sitara alipandwa na hasira. Siku tatu anamkanda mwanawe kwa maji, halafu mtu anamletea sanda aishone mwenyewe.

"Kaa," alisema. "Naishona sasa hivi."

Ndani ya duka Ranjanben akauliza anaongea na nani. Sitara hakujibu, akashika mkasi. Fundi aliyeshona miaka kumi na minane hahitaji futi. Jicho lake lilishapita mabegani kwa yule mama, kiunoni, mpaka pale buibui lilipokomea, shubiri moja juu ya saruji.

Hapakuwa na miguu.

Akakata. Akashona. Cherehani ikalia tra-ta-ta-ta...

"Umekata kubwa."

"Nimekata ya mwenyewe."

Sitara akakata uzi bila kufunga fundo.

"Mwenyewe nani?" yule mama akauliza.

"Aliyeleta bafta. Simama uvae."

Yule mama akarudi nyuma bila kukanyaga, akageuka, akaondoka. Sitara, nguo mkononi, akamfuata katikati ya mikokoteni na wamachinga waliokuwa wanafungasha. Vijana wakacheka. Wamezoea kuona fundi anamkimbia mteja, leo wanaona fundi anakimbiza upepo.

Alimfikia kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Akamtupia ile nguo mabegani kwa nguvu zake zote.

Bafta ikashika.

Ikasimama hewani, imejaa umbo la mtu... halafu ikanywea, ikaanguka majanini, tupu. Harufu ya karafuu maiti ikakatika, ikabaki ya mishikaki ya barabarani. Sitara hakuigusa tena ile nguo. Akarudi nyumbani mbio.

Alimkuta Maimuna ameketi, jasho limemtoka, homa hakuna. Jirani yuko jikoni anamkorogea uji. Sitara akalia pale pale kwa furaha, bila aibu.

"Mama, yule bibi kaondoka," mtoto akasema.

"Bibi gani?"

"Yule wa buibui, aliyekuwa anakaa hapa kitandani. Katoka sasa hivi tu, kabla hujaingia. Kaniuliza kifua chako inchi ngapi."

Nywele zikamsimama Sitara. Akauliza kwa sauti ya chini yule bibi kajibiwa nini.

"Nimemwambia aje akupime mwenyewe."

Sitara akafuta machozi, akamwambia mwanawe kwamba amejibu vizuri. Kisha akaufungua mlango wote, akaweka kigoda kizingitini, akakaa akiutazama uchochoro, mkasi mapajani.